Oili inapanda moto: soma dalili kabla ya kununua rejeta kubwa

Geji ya joto la oili inasoma 138, mguu umeshatoka kwenye mafuta, na namba haitaki kushuka. Hapo wenye magari ya mbio wengi huwaza kitu kimoja: rejeta kubwa ya oili. Na mimi niliwaza hivyohivyo. Nikanunua, nikafunga, nikarudi uwanjani, gari likasoma 137.

Tangu siku hiyo, gari likija na malalamiko ya oili moto sishiki spana mpaka nijue mambo matatu. Moto huo ni wa kweli, au geji inasema uongo? Kama ni wa kweli, je, injini inazalisha joto kuliko kawaida yake? Au joto ni lilelile, ila limekosa pa kutokea? Rejeta kubwa hutibu kipande kimoja tu cha swali la tatu, na mara nyingi hata kipande hicho sicho chenye shida.

Moto ni upi

Barabarani, injini ikishashika joto, oili hukaa kati ya nyuzi 90 na 110 za Selsiasi. Uwanjani, kwa oili nzuri ya sinthetiki, 120 hadi 130 si jambo la kukutoa jasho. Ikivuka 135 mimi naondoa mguu. Ikigusa 145 oili hiyo naimwaga nikirudi gereji, hata kama niliitia wiki iliyopita. Kitabu cha gari lako kikitoa kikomo kingine, fuata kitabu.

Kisa cha ukali huo ni kwamba oili huoza kwa kukutana na oksijeni, na kasi ya kuoza huongezeka takriban maradufu kila joto likipanda nyuzi 10. Kwa hiyo tofauti kati ya 120 na 140 haimaanishi oili imechoka kidogo zaidi. Inachoka mara nne.

Usijiliwaze na geji ya maji. Magari mengi yameundwa ili sindano ya maji ikae katikati hata maji yakipanda na kushuka nyuzi kadhaa, dereva asihangaike. Isitoshe oili husafiri kivyake: asubuhi maji yanaweza kuwa tayari yamefika 90 huku oili ikiwa 50. BMW walilijua hilo walipoweka kwenye M5 ya E39 na M3 ya E46 taa za njano pembeni mwa geji ya mizunguko, zinazozimika moja baada ya nyingine oili inavyopata moto, ili dereva ajue ni wapi aishie kukanyaga. Mpaka leo sijaona njia rahisi zaidi ya kumwambia mtu asubiri.

Sindano inaruka, au inacheza ukiwasha taa

Oili haipashwi kwa ghafla. Lita 5 zinahitaji takriban kilojuli 9 ili zipande nyuzi moja tu. Geji ikitoka 100 hadi 140 ndani ya sekunde moja, inadai kwamba kilowati 350 hivi zimemiminika kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwa mpigo, yaani zaidi ya nguvu za farasi 450 zimeacha magurudumu zikaingia kwenye oili. Hakuna kitu kama hicho. Huo ni waya.

Sensa nyingi za joto ukinzani wake hushuka zikipata moto. Waya ukikatika, geji inasoma baridi. Waya ukichunika ukagusa bodi, geji inasoma moto wa kutisha. Ukiona namba za mwisho kabisa upande wowote, fuata waya kwa vidole kutoka sensa hadi dashibodi, hasa unapopita karibu na bomba la ekzosi, kabla hujafungua kitu kingine.

Sensa ya waya mmoja ina ugonjwa wake. Ethi yake, yaani njia ya umeme kurudi, inapitia kwenye uzi wa sensa kwenda kwenye chuma cha injini. Mtu akiifunga kwa tepu nyeupe ya mabomba ili isivuje, anaikatia ethi njia, na usomaji unaanza kuyumba. Jaribio la haraka: gari limesimama, injini inanguruma taratibu, washa taa kubwa na feni ya ndani. Sindano ikisogea, geji inagombania ethi na vitu vingine. Ipe waya wake yenyewe.

Ukitaka kuhakikisha sensa yenyewe, ichomoe, uitumbukize ncha kwenye maji yanayochemka ikiwa bado imeunganishwa na geji. Isome 100 hivi. Ukiwa sehemu ya mwinuko, punguza takriban nyuzi moja kwa kila mita 300, maana huko maji huchemka mapema. Ile ya waya mmoja iunganishie kwanza waya kutoka mwilini mwake hadi kwenye ethi, la sivyo haitasema kitu.

Halafu kuna suala la mahali ilipokaa. Sensa iliyo kwenye sampu inasoma oili iliyokwisha kurudi kutoka kwenye beringi na chini ya pistoni. Iliyo baada ya rejeta inasoma oili iliyopozwa. Kati ya hizo mbili, injini ileile, unaweza kukuta nyuzi 10, 15, hata 20 za tofauti. Nimeshuhudia watu wawili wakibishana jioni nzima gari la nani linapoa vizuri, kumbe mmoja anapima kabla na mwenzake anapima baada. Na sensa iliyofungwa mwisho wa kiungio cha T ambako oili imesimama haipiti, hiyo inasoma joto la chuma tu, kwa kawaida chini ya ukweli. Jambo la mwisho hapa: baadhi ya magari hayana kabisa sensa ya joto la oili. Namba unayoiona kwenye skrini imekokotolewa na kompyuta kutokana na maji, mizunguko ya injini na mzigo. Ukibadilisha rejeta, kompyuta haina habari.

Inapanda kila mzunguko na haitulii

Hili ndilo tatizo lenyewe, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Andika namba unapopita mstari wa kuanzia, au mwambie abiria aandike. Mfumo wenye afya hupanda kwa hatua zinazopungua: 105, 116, 123, 127, 129. Unaona unaelekea kutulia, na swali linalobaki ni kama pa kutulia panakubalika. Lakini ukiona 105, 115, 125, 135, hatua zilezile bila kupungua, ujue joto linaingia na karibu hakuna linalotoka. Gari la kwanza linahitaji marekebisho. La pili lina kitu kilichoziba au kilichosahaulika.

Gari langu lilikuwa la aina hii ya pili, na rejeta mpya haikubadili kitu. Nikanunua kipimajoto cha dijitali chenye waya mbili, nikafunga ncha moja kwenye kiungio cha chuma oili inapoingia rejeta na nyingine inapotoka, nikazifunika zote kwa kitambaa cha kuzuia joto ili upepo usizidanganye. Rafiki yangu akakaa pembeni na karatasi. Mzunguko wa nne, kwenye barabara iliyonyooka, akaandika: inaingia 131, inatoka 127.

Nyuzi nne. Oili ilikuwa inafika kwenye rejeta ikiwa moto, na inaondoka karibu vilevile. Rejeta inayofanya kazi huondoa nyuzi 10 hadi 30 hivi kutegemea mwendo na wingi wa oili inayopita. Kwa hiyo oili haikuwa na kosa. Aliyekosekana ni upepo.

Nikabandika vipande vya uzi wa sufi usoni mwa rejeta, urefu wa kidole, nikaweka simu ndani ya bampa irekodi. Video ilinichekesha na kuniuma. Nyuzi za katikati zililegea zikining'inia. Za pembeni zilikuwa zimelala upande, zikielekea kwenye mwanya wa vidole vitatu kati ya rejeta na bampa. Hewa ilikuwa inaingia kwa mbwembwe kwenye tundu la bampa, inaiona rejeta, inaipita pembeni. Hewa ni mvivu. Ukiipa mwanya haitajisumbua kupenya kwenye mapezi membamba ya alumini.

Nilikata bati la alumini nikatengeneza mfereji kutoka tundu la bampa hadi ukingo wa rejeta, nikaziba kila ufa kwa sponji ngumu. Siku iliyofuata: 129 kuingia, 121 kutoka. Afadhali, ila bado. Ndipo nikatazama nyuma ya rejeta, mahali ambapo sikuwahi kupatazama. Hewa ikishapita ilikuwa inagonga plastiki ya ndani ya tao la tairi na kukosa pa kwenda. Nikakata dirisha kwenye plastiki ile, nikaweka wavu wa kuzuia mawe. Ikaja 122 kuingia, 104 kutoka, na geji ikatulia mzunguko wa tano. Wiki mbili baadaye, kwa udadisi, nilirudisha rejeta ya zamani, ile ndogo. Tofauti ilikuwa nyuzi 3. Ndogo ndiyo iliyobaki garini.

Kwa hiyo kagua upepo kwa mpangilio huu. Kwanza anzia pa kutokea. Hewa inayotoka ina joto na imetanuka, inahitaji nafasi kubwa kuliko ile ya kuingilia. Mlango wa kuingilia unaweza kuwa mdogo kuliko uso wa rejeta alimradi mfereji unapanuka taratibu na umezibwa pande zote. Watu hufanya kinyume: tundu kubwa mbele, nyuma ukuta.

Ukitoboa boneti ili hewa itoke, usitoboe karibu na kioo cha mbele. Pale chini ya kioo hewa inajikusanya na presha iko juu. Tundu lako litavuta hewa ndani badala ya kuitoa. Toboa mbele zaidi, karibu na nyuma ya rejeta, ambako hewa ya juu inapita kasi na presha iko chini.

Bati la chini ya injini, lile ambalo mafundi hulivua na kusahau kulirudisha, nalo lina kazi. Kwenye magari mengi bila hilo bati hewa inaingia kutoka chini, presha nyuma ya rejeta inapanda, na mvuto wa hewa kupitia rejeta unapungua. Lirudishe na bolti zake zote kabla hujapima tena.

Mapezi yenyewe yachunguze kwa tochi: wadudu, matope, na vipande vya mpira wa tairi vya magari ya mbele yako. Osha kutoka nyuma kwenda mbele kwa maji ya presha ndogo. Mashine ya kuoshea gari inayalaza mapezi, na yakilala ni kana kwamba umeyaziba kwa udongo.

Oili moto, rejeta baridi

Ukirudi kutoka kwenye mizunguko ya moto, injini bado inanguruma, elekeza kipimajoto cha bunduki, kile kinachopima kwa mbali bila kugusa, kwenye rejeta. Angalizo moja: alumini inayong'aa huidanganya bunduki, itakuambia 50 wakati mkono wako ungeungua. Bandika kipande cha tepu nyeusi kwenye tanki la kuingilia na la kutokea, kisha pima juu ya tepu. Ikisoma karibu na joto la hewa ya nje huku geji ikisema 125, oili haifiki huko kabisa.

Mshukiwa wa kwanza ni themostati, vali inayofunguka kwa joto. Bamba linalokaa kati ya filta na bloku huwa na themostati inayofungua karibu na nyuzi 80 au 85. Ikikwama imefunga, oili inapita njia ya pembeni na kurudi ilikotoka. Kinachofika kwenye rejeta ni ule mchirizi mdogo ambao mabamba mengi huuacha upite muda wote ili hozi zisipokee oili moto kwa ghafla. Itoe, iweke kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, pasha taratibu huku ukiiangalia. Isipotanuka ikifika 90, haina kazi.

Mshukiwa wa pili ni hozi. Iliyokunjwa nyuma ya bampa, iliyochanika ngozi ya ndani ikawa kama vali, au nyembamba kupita kiasi. Kwa injini yenye nguvu, hozi ya AN-10 (kipimo cha upana wa hozi) na viungio visivyo na kona kali ni chaguo la kawaida. Nyembamba kuliko hapo, ukaongeza kona nne za nyuzi 90, oili inalipa ushuru kila kona na presha inayofika kwenye beringi inapungua.

Wa tatu ni hewa iliyonaswa. Rejeta iliyofungwa viungio vikiwa chini inaweza kubaki na hewa juu ambayo haitoki. Viungio vikae juu, au pembeni cha kutokea kikiwa juu. Na baada ya kufunga mfumo mpya, zungusha injini, zima, subiri, pima tena kwa kijiti cha oili. Rejeta na hozi zinaweza kumeza nusu lita au zaidi, na injini iliyopungukiwa oili inapata moto haraka kuliko ilivyokuwa kabla hujaihudumia.

Maji na oili vinapanda pamoja

Magari mengi hayapozi oili kwa upepo bali kwa maji: kipoza kidogo kilichofungwa kwenye bloku, oili upande mmoja, maji ya rejeta upande mwingine. Ni mpango mzuri kwa barabarani, kwa sababu asubuhi maji yanaipasha oili haraka na baadaye yanaipoza. Ubaya wake ni kwamba oili haiwezi kushuka chini ya joto la maji. Maji yakiwa 108, oili itakaa juu ya hapo, iwe umeomba au hukuomba. Hapa usiiguse oili kwanza. Tafuta tatizo la maji: feni, pampu, kifuniko kisichoshika presha, rejeta iliyoziba kwa ndani.

Na kama uliweka rejeta ya oili mbele ya rejeta ya maji, kisha maji yakaanza kupanda ambapo zamani hayakupanda, umehamisha tatizo tu. Rejeta ya maji sasa inapumua hewa iliyokwisha pashwa. Sogeza ya oili pembeni, mbele ya tairi, kama walivyofanya Porsche kwenye 911 nyingi za kupozwa kwa hewa zilizotengenezwa hadi 1998. Injini zile hazikuwa na maji hata tone. Oili ndiyo iliyokuwa ikibeba sehemu kubwa ya mzigo wa kupoza.

Kuna pia magari yaliyotoka kiwandani bila kipoza cha kutosha kwa kazi ya uwanjani. Nissan 370Z za mwanzo zilijulikana kwa hilo: mizunguko michache ya kasi, oili inapanda, na kompyuta inapunguza nguvu ili kuinusuru injini. Kwa gari la namna hiyo, sawa, rejeta ya oili ndiyo dawa. Nayo izibe kingo na kuipa pa kutolea hewa.

Joto linalozalishwa na injini yenyewe

Kila kitu kinapita vizuri, upepo upo, na bado. Basi injini inapika.

Sababu ya kwanza haihitaji spana: mizunguko ya injini. Oili hupata moto kwa kukatwakatwa ndani ya beringi, na upotevu huo hupanda kwa kasi kuliko mizunguko yenyewe. Mtu anayekaa kwenye gia ya tatu karibu na mstari mwekundu kona yote, wakati ya nne ingemtosha, anapasha oili bure. Jaribu mzunguko mmoja wa uwanja gia moja juu zaidi, mwendo ukiwa uleule. Ukiona nyuzi kadhaa zimeshuka, umepata jibu bila kuchafua mikono.

Kisha angalia kijiti. Oili iliyozidi ni mbaya kama iliyopungua. Kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ikianza kuigusa inaipiga kama mwiko kwenye yai, inajaa povu, na povu halibebi joto. Kumbuka pia oili hutanuka: lita 5 zikitoka nyuzi 20 kwenda 120 zinaongezeka karibu theluthi moja ya lita. Pima kila mara katika hali ileile ambayo kitabu kinaitaja, usichanganye usomaji wa baridi na wa moto.

Ekzosi isiyo ya kiwandani ikipita sentimita mbili kutoka kwenye filta au sampu, inaipasha kutoka nje. Bati la kukinga joto, lenye nafasi ya hewa nyuma yake, linasaidia kuliko kitambaa cha kuzungushia bomba.

Tuningi nayo, yaani mpangilio wa cheche na mafuta ya injini. Muda wa cheche ukirudishwa nyuma sana, moto unamalizikia kwenye ekzosi, turbo inapata joto, na beringi za turbo zinapozwa na oili ileile unayoilalamikia. Ringi zilizochoka huvujisha gesi za moto kwenye sampu. Ukifungua kifuniko cha oili injini ikinguruma ukaona moshi unapumua kwa nguvu, pima kompresheni, mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kabla ya kufanya lolote.

Presha inashuka oili ikipata moto

Kushuka kidogo ni kawaida, oili moto ni nyepesi. Kipimo cha mafundi wengi ni takriban bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika oili ikiwa moto. Chini sana ya hapo, simamisha mbio.

Kama presha inashuka sambamba na joto kupanda, na inarudi sawia joto likishuka, jiulize uzito wa oili, yaani ugumu wake wa kumiminika. Kwa viwango vya SAE, chama cha wahandisi wa magari, oili ya 5W-30 inatakiwa kubaki na uzito usiopungua mPa·s 2.9 (kipimo cha uzito huo) ikipimwa kwenye nyuzi 150 chini ya msuguano mkali. 5W-40 si chini ya 3.5, 5W-50 si chini ya 3.7. Kwa uwanjani kupanda daraja moja, ikiwa kitabu kinaruhusu, kunakupa utando mnene zaidi kwenye beringi. Ila usitarajie geji ya joto ishuke. Oili nzito hukatwa kwa shida zaidi na huzalisha joto zaidi. Unanunua ulinzi, na unalipa nyuzi chache.

Kama presha inashuka wakati joto ni la kawaida, nusa kijiti. Harufu ya petroli, na oili iliyopanda juu ya alama bila wewe kuongeza, maana yake mafuta yanaingia kwenye oili na kuipunguza uzito. Injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda hupenda sana mchezo huu, hasa gari likiishia safari fupifupi. Mwaga, tia mpya, kisha utafute kwa nini.

Na kama presha inatetemeka kwenye kona ndefu tu, sahau rejeta. Oili inakimbilia ukutani mwa sampu na pampu inavuta hewa. Hiyo ni kazi ya vizuizi ndani ya sampu, na ni dharura kuliko joto: beringi haingoji mzunguko mwingine.

Oili haipati moto kabisa

Hakuna anayelalamikia hili, ndiyo maana linaua polepole. Rejeta kubwa isiyo na themostati, gari la kwenda kazini, oili inazunguka kwenye 65 siku nzima. Chini ya 80 hivi, maji na petroli vilivyoingia kwenye oili haviondoki vizuri kama mvuke, na chini ya kifuniko unakuta uji wa rangi ya maziwa. Funga bamba lenye themostati. Wakati wa baridi kali, funika sehemu ya rejeta kwa kipande cha plastiki ngumu, na uandike kwenye usukani kwamba umeifunika. Mimi nilisahau mara moja, na sitaeleza ilivyokwenda.

Maziwa kwenye tanki la maji

Ukikuta ute wa hudhurungi kwenye tanki la maji, usikimbilie kulaumu gasketi ya silinda hedi. Kipoza cha oili kwa maji kikipasuka ndani, injini ikizunguka oili ina presha ya bar kadhaa na maji karibu bar moja, hivyo oili inasukumwa kwenye maji. Ukizima, presha ya oili inaanguka mara moja huku maji ya moto bado yamebana, na safari inageuka: maji yanaingia kwenye oili. Fungua kipoza peke yake, ziba upande mmoja wa oili, puliza hewa upande wa pili kikiwa ndani ya ndoo ya maji. Mapovu yakitoka, umemkamata.

Bamba la filta nalo lina tabia ya kuvuja baada ya kubadilisha oili, kwa sababu kuikaza na kuilegeza filta kunaizungusha na bolti yake ya katikati. Kila ukitoa filta, shika bolti hiyo kwa soketi uhakikishe haijalegea, kisha ndipo ufunge filta mpya.

Na kama injini iliyopita ilikufa kwa kusaga beringi, rejeta ya oili iliyokuwa nayo usiihamishie kwenye injini mpya. Nimeona ikioshwa kwa petroli mara tatu, ikapulizwa hewa, petroli ikatoka safi kabisa. Tuliipiga mkononi mara ya mwisho, kwa mazoea tu, na chembe tatu za shaba zikaanguka kwenye karatasi.